Bi mkubwa hawezi kusimama sana lakini pembea anataka: kufumbua fumbo la foleni, viti na vibali kwenye paki za michezo

Kila familia inayopanga safari ya Dubai na mtu mzima ndani yake, bibi au babu, hufika pale pale, tiketi zishaulizwa, watoto washaona video za paki zote, halafu mmoja anasema jee, na bi mkubwa? Jibu linatoka haraka, "tutamchukulia kiti cha magurudumu", basi mazungumzo yamekwisha, watu wanarudi kwenye bei ya hoteli. Mie nnavyoona hapo ndipo mambo yanapoanza kuchanganyika, mana masuali ni matatu na hicho kiti hakiyajibu yote, lililobaki mtakuja kukutana nalo mlangoni pa pembea (nikisema pembea ni mashine yoyote ya kupanda, si ile ya kamba tu), watoto wanalia na nyuma yenu kuna watu mia.

Masuali yenyewe ni haya: mtu wako anaweza kutembea masafa gani, anaweza kusimama pahala pamoja kwa muda gani, na anaweza kupanda na kushuka kitu cha kimo gani. Kwetu yote matatu tunayafunga kwenye neno moja, "miguu haimfai", lakini ni vitu mbali mbali kabisa na mtu anaweza kuwa mzima katika kimoja na hoi katika chengine.

Wapo watu wazima wanaotoka Kikwajuni kwa miguu mpaka Darajani, wananunua samaki, wanagombana na muuzaji, wanarudi nyumbani, na mtu huyo huyo ukimsimamisha dakika kumi kwenye foleni ya benki anatafuta ukuta wa kuegemea. Huo si uvivu wala si deko. Unapotembea misuli ya mashavu ya miguu inajibana na kuachia, na kila ikijibana inaisukuma damu ipande juu irudi moyoni, sasa ukisimama tuli pampu ile imelala, damu inajikusanya chini, miguu inajaa, na mwenye kunywa dawa za presha anaweza akapata kizunguzungu na macho yakaingia giza. Kuna na wale wa mgongo, ambao njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti imebana, hao wakisimama wima miguu inakufa ganzi lakini wakiinama mbele kidogo, tuseme wameegemea kigari cha supamaketi, wanakwenda bila tabu yoyote na ukiwaona utasema mbona mzima huyu. Wa goti lililolika tambarare si neno, adui yao ni ngazi, na ya kushuka inauma zaidi ya kupanda. Na aliyepata kiharusi upande mmoja anaweza kuhama vizuri kabisa kutoka kiti hichi kwenda kile, almuradi kile kiti kiwe upande wake wenye nguvu, ukimgeuza huna kitu.

Cha ajabu watu wa ndege walishayatenganisha haya zamani, na kwa kuwa safari inaanzia kwao bora nianzie hapo. Ukikata tiketi na kusema tu "tunataka kiti cha magurudumu", wakala huenda akakuandikia alama moja inayoitwa WCHR, ambayo maana yake ni kwamba huyu abiria ngazi anapanda mwenyewe na siti yake ataifikia mwenyewe, tatizo lake ni ule mwendo mrefu wa uwanjani tu. Sasa kama bi mkubwa wako goti haliwezi ngazi, hiyo siyo yake, yake ni WCHS, yaani ngazi hawezi ila akishafika mlangoni mwa ndege atajikongoja mpaka kwenye siti. Ya tatu ni WCHC, hawezi yote mawili na anapelekwa mpaka kwenye siti yenyewe kwa kile kiti chembamba kinachopita kati ya siti. Tofauti inakuja kuonekana pale ndege imesimama mbali na jengo na watu wanapandia ngazi za nje, mwenye alama ya pili na ya tatu huletewa gari la kunyanyulia, mwenye ya kwanza anaambiwa mama twende, taratibu taratibu. Kwa hiyo mwambie wakala kwa maneno, ngazi anaweza au hawezi, na uifanye kazi hiyo angalau masaa 48 kabla ya safari, usingoje kaunta. Huduma yenyewe hailipiwi.

Ukishatua, paki hazina alama hizo. Huko suali lao ni jengine, na ndio maana watu wanachanganyikiwa.

Kwanza lazima ujue siku ya paki imeundwa na nini. Ni mwendo na kusimama, pembea zenyewe ni dakika chache tu. Epcot, paki ya Disney ile ya Florida, Marekani, kulizunguka ziwa lake peke yake ni karibu kilomita 2 na hapo hujaingia pahala, na mtu anayeshinda kwenye paki kubwa kutwa nzima kutembea kilomita 10 si ajabu. Za Imarati nyingi zina nafuu kwa sababu ziko chini ya paa, Ferrari World ya Abu Dhabi iliyofunguliwa 2010, IMG Worlds of Adventure ya Dubai ya 2016, Warner Bros. World ya Abu Dhabi ya 2018, zote hizo sehemu kubwa ni ndani, sakafu imenyooka na kiyoyozi kinapiga, na kwa mtu mzima sakafu na kiyoyozi ni muhimu kuliko pembea. Ferrari World wanajisifia treni yao ya Formula Rossa inayofika kilomita 240 kwa saa, hiyo muachieni kijana aliyeilipia safari. Legoland ya Dubai sehemu kubwa iko nje, na Global Village ni nje na inafunguliwa miezi ya baridi tu, kwa hiyo anayekwenda mwezi wa saba kwa sababu ndio skuli zimefungwa ajue joto linapita 40 na kiti chenye vyuma kilichoachwa juani hakikaliki.

Kisha foleni. Pembea iliyo maarufu foleni yake saa nzima ni jambo la kawaida siku za watu wengi, na foleni yenyewe ni vyuma vilivyojikunja kunja kama utumbo, hakuna pa kukaa, hakuna choo, na ukishaingia katikati kutoka ni shughuli. Hapa wenye kunywa dawa ya kupunguza maji mwilini nawaambia wazi wazi, hiyo dawa itakutoa kwenye foleni kabla goti halijakutoa, muulize daktari wako mapema kama siku kama hiyo unaweza kubadilisha saa ya kuinywa, usijiamulie.

Sasa fundo kubwa lenyewe. Watu wengi, na hata mitandaoni utaona wanashauriana hivyo, wanaamini ukikaa kwenye kiti cha magurudumu unapita mbele ya foleni. Hilo lilikuwa na ukweli wake zamani na ndio maana uvumi haufi. Disney, kampuni kubwa ya paki ya Marekani, walikuwa na kadi ya kuwasaidia wageni wenye shida, mwaka 2013 zikatoka habari Marekani za matajiri wanaokodi watu wenye ulemavu wajifanye ni jamaa zao ili familia ipite mlango wa haraka, na mwezi wa kumi wa mwaka huo huo kadi ile ikafutwa ukaja utaratibu mwengine, DAS (Disability Access Service, yaani huduma ya wenye ulemavu), ambao haukupitishi mbele, unakupa saa ya kurudi, yaani foleni unaisubiri lakini nje, umekaa kwako kivulini. Watumiaji nao wakawa wengi mno, na 2024 wakaukaza tena, safari hii wakasema umekusudiwa watu ambao kwa sababu ya tatizo la makuzi kama usonji au mfano wake hawawezi kukaa muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Goti halimo, mgongo haumo, miguu inayojaa haimo.

Mtu akisikia hivyo anawaka, na mie simlaumu, lakini hebu tazama hesabu yao. Wao wanasema foleni zetu tumezijenga pana, kiti cha magurudumu kinapita, asiyeweza kusimama akae kwenye kiti asubiri pamoja na wenzake, tofauti yake na wengine imeshaondoka. Na kwa upande wa kusimama wamesema kweli, mana mtu aliyekaa hasimami, ndani ya ile foleni yeye ndiye mwenye raha kuliko wote. Pale ambapo foleni ni ya zamani na nyembamba, kama baadhi ya zile za Disneyland ya California iliyofunguliwa 1955, mwenye kiti hupewa saa ya kurudi hapo hapo mlangoni pa pembea bila kujiandikisha popote. Kinachobaki bila jawabu ni mtu wa mgongo ambaye kukaa saa nzima pia kunamuumiza, au mwenye choo cha haraka, hao lazima waeleze hali yao wenyewe kwa maneno yao na majibu yanatofautiana.

Kwengine wana mitindo yao. Universal, wenye paki nyengine za Marekani, wanataka uwe na kadi ya taasisi inaitwa IBCCES, unaiomba kwenye mtandao kabla ya safari na karatasi zako unazipakia huko, ukifika mlangoni ndio unaanza kuomba umeshachelewa. Wenye jamaa Uingereza, paki kama Alton Towers na Thorpe Park zina pasi inayoitwa Ride Access Pass, ukipanda pembea ambayo foleni yake ni dakika 50 wanaandika muda huo, na mpaka dakika 50 zipite huwezi kuitumia pasi kwa pembea nyengine, kwa hiyo unapanda kwanza ndio unasubiri, na huko pia watataka karatasi za kuthibitisha. Imarati ukiona kibao kimeandikwa People of Determination ndio dirisha lako, jina hilo wanalitumia rasmi tangu 2017, na sehemu nyingi kuna nafuu ya bei, lakini hapa tena angalia, nafuu ya bei mara nyingi inakwenda na kadi ya ulemavu, na bibi mwenye baridi yabisi ambaye maisha yake yote hajajiandikisha popote hana kadi. Mchukulieni barua ya daktari ya Kiingereza, fupi, isiseme ugonjwa tu bali iseme asichoweza: hawezi kusimama zaidi ya dakika kadhaa, hawezi ngazi, anahitaji choo karibu. Anayeisoma ile barua ni kijana wa kaunta, jina la ugonjwa kwake halina msaada.

Kwa hiyo kama tatizo ni kusimama tu, mwisho wa yote jawabu la paki karibu zote ni lile lile, kodi kiti. Na hapo ndipo bi mkubwa anapokataa, "mie sijalemaa". Hili tulichukulie kwa uzito wake, mtu aliyelea watoto saba na kuwaozesha hataki kusukumwa mbele za watu. Kinachofanya kazi, nimeona katika familia za jamaa na marafiki, ni kutokumkalisha toka mlangoni. Kiti kinakwenda na mabegi, maji na viatu vya watoto, yeye anatembea akikisukuma mwenyewe, na kama ni wa mgongo kule kuinama kukisukuma kunamfaa, kisha foleni ikifika mabegi yanatoka yeye anakaa. Kabla ya saa sita mchana mara nyingi utamkuta ameshakizoea na anawaamrisha watoto kutokea hapo.

Viti navyo si kitu kimoja. Kile chenye magurudumu madogo yote manne ni cha kusukumwa tu, chepesi, kinakunjika, kinaingia kwenye teksi, lakini aliyekaa hana uwezo wa kwenda popote na msukumaji ndiye anayechoka, na kwenye mteremko mkali mshushe kinyumenyume ili uzito uje kwako asije akatupwa mbele. Chenye magurudumu makubwa nyuma mtu anajiendesha kama mikono ina nguvu. Halafu kuna skuta ya umeme, wengi wanaitamani, na kwa mtu wa kutembea masafa ni kitu kizuri sana, ila kwenye foleni nyengine haikati kona, mtaambiwa hamieni kiti cha kawaida, na siku yenyewe ya kwanza kuiendesha isiwe siku ya watu elfu kumi. Zile za paki za kukodi huisha asubuhi siku za msongamano. Anayetaka kubeba yake ya betri kwenye ndege azungumze na shirika mapema, betri za lithiamu zinazotolewa zina kikomo, kwa kawaida wati-saa 300, na ikishatolewa hairuhusiwi kuwekwa kwenye mzigo wa chini, inakaa na abiria juu.

Na hili la baibui nalisema kwa sababu sijaona anayelisema: baibui refu la hariri linaloteleza, na kanga ya kujitanda, vyote vinapenda kuingia kwenye gurudumu, linajizungusha mara mbili tatu na mtu anavutwa. Yakunjwe chini ya mapaja kabla kiti hakijaondoka, au bi mkubwa avae dera fupi kidogo na suruali ndani siku hiyo, Mungu anajua. Jengine ni vile vibao vya kuwekea miguu, vinyanyuliwe kila anapotaka kuinuka na breki zote mbili zifungwe, mana mtu akikanyaga kibao anapoinuka kiti kinapinduka naye, na hapo safari imekuwa ya hospitali.

Suali la tatu, kupanda na kushuka, ndilo watu wanalolisahau kabisa mpaka wafike. Umesubiri, umefika mbele, sasa kigari cha pembea kiko pale chini, unatakiwa uinue mguu uvuke ukingo, ukanyage ndani, ujishushe kwenye siti ambayo huenda iko chini kuliko kigoda cha jikoni, halafu kile chuma kikufungie juu ya mapaja. Wafanyakazi wa paki kwa kawaida hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni, hata wawe wanne na wana misuli, ni sheria zao za usalama na bima. Atakayekunyanyua ni jamaa yako. Kwa hiyo zoezi lifanyike nyumbani kabla: akae kwenye kiti cha kulia, bila kusaidiwa ahamie kwenye kochi la chini, ainuke tena. Akiweza, pembea nyingi za taratibu zitakuwa zake. Asipoweza, mjue mapema mtafute zile ambazo kiti kinaingia nacho, kwa mfano it's a small world ya Disney wana mashua maalumu zinazochukua kiti cha magurudumu kama kilivyo, na gurudumu kubwa la kuzunguka mara nyingi chumba chake ni cha kuingia kwa kutembea.

Marekani kuna viwango vya mwaka 2010 vinavyotaka pembea mpya iwe na angalau kimoja kati ya vitu vitatu, nafasi ya kiti cha magurudumu, au siti ya kuhamia, au kifaa cha kumhamishia mtu. Pembea za zamani zilizojengwa kabla hazikubomolewa kwa ajili hiyo, ndio maana ndani ya paki moja utakuta moja rahisi na jirani yake ni mtihani. Na zile za kuhamahama, za kuwekwa wiki na kuondoshwa, hazimo kwenye sharti hilo hata huko Marekani.

Halafu kuna sharti jengine ambalo linawaudhi watu na linaonekana ni ubaguzi: mnaambiwa pembea hii lazima mtu aweze kutembea, au awe na mwenzake mzima wa kumsaidia, au wasizidi idadi fulani wenye viti kwa wakati mmoja, na wewe unaona mbona anakaa tu, si anakaa? Sababu ni siku pembea inapokwama. Treni ikisimama juu, watu wanashushwa kwa njia nyembamba ya ngazi za chuma pembeni ya reli, mmoja mmoja, na paki lazima iwe na hakika inaweza kuwashusha wote kwa muda maalumu. Ukilifahamu hilo suali lako kwa mfanyakazi linabadilika, badala ya kuuliza "anaruhusiwa?" unauliza "ikikwama anashuka vipi?", na jawabu utakalopewa ndilo la kuamulia. Zile zenye ukanda unaotembea mahala pa kupandia, mwambieni mfanyakazi kabla, nyingi wanaweza kuupunguza mwendo au kuusimamisha dakika moja, aibu ya nini.

Ya moyo, shingo, mgongo na upasuaji wa karibuni yameandikwa kwenye kibao cha pembea za nguvu na hayo hayana mjadala.

Tena si lazima kila mtu apande kila kitu. Paki nyingi zina utaratibu wa kupokezana, mmoja anabaki na asiyepanda, wenzake wakishuka yeye anapanda bila kuanza foleni upya, umewekwa hasa kwa wenye watoto wachanga lakini ulizeni, wengi wanakubali. Maonyesho ya jukwaani, sinema za kukaa, treni ya kuzunguka paki, hizo ni za mtu mzima kabisa, na nyingi zina nafasi za viti vya magurudumu, ila nafasi hizo ni chache na huwa zinajaa kabla ya siti za kawaida, nusu saa mapema si nyingi.

Mpaka hapa nimezungumza ya ugenini, na wengi wetu huko hatuendi. Pembea zetu ni Kariakoo na Mnazi Mmoja za hapa Unguja, si zile za Dar, skukuu, na kwa Pemba Tibirinzi pale Chake, na ukweli ni kwamba yale masuali matatu yapo vile vile ila hakuna kaunta ya kuyajibu. Foleni yetu siyo ya vyuma, ni ya mabega. Chini Mnazi Mmoja ni uwanja, kuna mchanga, majani na mashimo, gurudumu dogo la kiti linazama pale pale, kama lazima uende na kiti basi kiwe chenye magurudumu makubwa na ukivute kinyumenyume, kinapita zaidi. Watu wazima wetu wanakwenda kuwatazama wajukuu na wanasimama, magharibi mpaka saa tatu usiku, wamejishika kiunoni, na kesho yake hawainuki kitandani.

Na hapa nina neno. Mji huu huu tatizo la kusimama ulishalitatua tangu zama za mababu, pita Mji Mkongwe mtaa wowote, nyumba kwa nyumba kuna baraza ya mawe imejengewa ukutani, mpita njia akichoka anakaa, hamuulizi mtu, mzee anatoka Shangani mpaka Malindi kwa vituo vyake. Halafu tunatengeneza viwanja vya kufurahishia watu, tunaleta mashine za taa, tunasahau pa kukaa. Zanzibar ilipitisha sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu tangu 2006, lakini mie hata sidai lifti, nadai ukingo wa saruji wa kimo cha goti kuzunguka kila pembea, na namba za karatasi kama za benki ili mtu asubiri amekaa. Fundi mmoja na mifuko ya saruji, basi.

Mpaka watujengee, panga mwenyewe. Skukuu mosi usiku muachie vijana, mtu mzima mpeleke alasiri mapema, au ngojea skukuu nne watu wamepungua, Pemba pia ni hivyo. Gari limshushe karibu kabla ya kutafuta pa kuegesha, si baada. Forodhani kwa jioni ya kawaida ni pazuri kuliko kote, njia zimetengenezwa tangu bustani ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009 na pa kukaa papo, shida ni moshi na msongamano ukishaingia usiku. Kuwapeleka kisiwani Changuu kuona kobe fikirini mara mbili, kobe wenyewe watakungojea, walioanza kuletwa kutoka Shelisheli ni wa 1919, lakini boti unaipanda kutoka kwenye maji na unashuka kwenye maji, na kimo cha kuinua mguu kinategemea bahari imejaa au imekupwa, mtu wa goti aulizie maji ya siku hiyo kabla ya kulipa. Boti ya Dar hali kadhalika, lile daraja la kupandia linalala au linasimama kwa mujibu wa maji, na bahari yetu siku za bamvua inapanda na kushuka karibu mita 4.

Na kwa Kariakoo au Tibirinzi chukueni kiti cha plastiki cha nyumbani, kile chenye mikono, mana kisicho na mikono mtu wa goti hana pa kujisukumia kuinuka. Kiwekwe pembeni ya pembea ya wajukuu, mgongo kwenye ukuta kama upo, asiwe kwenye njia ya watoto wanaokimbia, na kijana mmoja abaki naye kwa zamu asiachiwe peke yake na pochi za watu. Andikeni jina chini ya kiti kwa maka, skukuu viti vyote ni vyeupe na vyote vina mwenyewe.